Kwa Mnaoanza Utafiti wa Matumbawe: Chagueni Mwamba, Mkae Nao

Wadogo zangu mnaotaka kusomea ikolojia ya matumbawe, wengi huniuliza ni mada gani itakayowapatia makala haraka. Ningewaomba mtangulize swali jingine: ni mwamba gani mko tayari kuurudia mwaka baada ya mwaka?

Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kali wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Kwa dunia nzima inakadiriwa asilimia 16 yalipotea. Hasara ya Kenya tunaijua vizuri kwa kuwa kuna watu waliokwisha kuipima miamba ya Malindi, Watamu na Mombasa miaka mingi kabla ya hapo, kwa njia ileile. Pale ambapo hapakuwa na mpimaji tumebaki na kumbukumbu za wavuvi. Nazithamini sana, ila hazituambii kilichopotea kilikuwa sehemu gani ya kilichokuwepo. Utafiti wa shahada moja hautoshi kujaza pengo hilo, lakini unaweza kuwa mwanzo. Andika mahali ulipopima, kina, hali ya maji na njia uliyotumia, kiasi kwamba mtu asiyekujua aweze kurudi palepale na kupima kama ulivyopima wewe.

Mengi hujifunzwa kwa macho, na macho yanahitaji muda. Tumbawe lililopauka ni jeupe lakini bado li hai. Limepoteza mwani wadogo mno wanaoishi ndani ya nyama yake na kulipatia chakula, na maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Lililokufa haliendelei kuwa jeupe, bali hufunikwa na utando wa mwani wa nje, na mgeni akichelewa kufika huliona kama jiwe la kawaida tu. Jamii za matumbawe nazo hutofautiana: Acropora za matawi huathirika mapema, ilhali Porites zile kubwa za mviringo huvumilia zaidi. Kwa hiyo usiridhike kuandika “matumbawe asilimia fulani” bila kutaja jamii zake. Miamba miwili yenye asilimia sawa yaweza kuwa na hatima tofauti kabisa joto likija.

Na joto lina majira yake. Kwetu hufikia kilele Machi na Aprili, upepo wa kaskazi ukishatulia, na mara nyingi masika nayo inaanza na kuchafua maji. Anayesubiri ripoti za kupauka ndipo aombe kibali, fedha na boti, atafika wakati habari imekwisha. Shughulikia vibali mapema. Jifunze pia bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kama anavyoyajua nahodha: bamvua litakufungulia mwamba wa ufukweni kwa miguu, na maji mafu yatakupa mkondo mpole unapopiga mbizi.

Kwenye kuhesabu samaki, majini kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, takriban kwa theluthi moja. Kata vipande vya bomba la plastiki kwa urefu unaoujua, mwenzako avitandaze chini, ukadirie, kisha mlinganishe. Rudieni hadi makadirio yenu yakaribiane. Bila hivyo, tofauti kati ya mwaka huu na mwaka jana huenda ikawa ni tofauti kati ya mtu na mtu.

Takwimu zisomeni kwa bidii ileile mnayoipa mbizi. Nimeona wanafunzi hodari majini wakikwama mezani miezi kadhaa, na inaniuma, kwa sababu mashaka mengi ya mezani yangemalizwa kwa kupanga sampuli vizuri kabla ya kupanda boti.

Kisha kaeni na wavuvi, tena kabla ya kuandika maswali yenu. Utafiti wa miaka mingi Kenya umeonyesha kwamba samaki aina ya kikande wakivuliwa mno, wale viumbe wa miiba (kwa Kiingereza sea urchin) wanaoliwa nao huongezeka na kuutafuna mwamba. Ukitaka kujua kikande walianza kupungua lini katika kijiji fulani, wa kumuuliza ni mzee wa madema. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe ndio walioamua mwaka 2005 kufunga sehemu ya bahari yao, wakaiita tengefu. Mtafiti anayewachukulia watu kama hao kuwa wa kujaza madodoso tu anajinyima mengi.

Matokeo yarudisheni kijijini kwa Kiswahili, makala ya jarida isiwe kisingizio cha kuchelewa. Chapisheni picha kubwa za mwamba wao, za mwaka huu na za huko nyuma, mziweke mbele ya kamati ya wavuvi na akina mama wanaokwenda pwezani, kisha muwaache waseme kwanza wanachokiona. Maelezo yao yaandikeni kwenye daftari lilelile la vipimo, pamoja na tarehe.