Mstari Mweupe Katikati ya Picha

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya seli. Katika makala kuhusu seli za saratani ya ovari zilizokuwa sugu kwa dawa ya sisplatini, nimeona picha ya protini iliyogawanywa na mstari mweupe kati ya safu ya pili na ya tatu. Mwenzangu anashikilia kwamba huo ni ushahidi wa udanganyifu. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzako amekosea, ingawa shaka yake si ya bure. Picha hiyo bila shaka ni ya westani bloti, ambamo protini hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli kulingana na ukubwa wake, kisha huhamishiwa kwenye utando na kutambuliwa kwa kingamwili, kila sampuli ikiwa na safu yake. Watafiti wakipima sampuli sita nao wakahitaji kuonyesha nne, huweza kuziondoa mbili za katikati na kuzisogeza zilizobaki, mradi mahali zilipounganishwa paonekane na maelezo yaliyo chini ya picha yaseme kwamba safu zote zimetoka kwenye utando mmoja. Mstari ule, basi, ni ukiri wao. Udanganyifu ungekuwa kuufuta mshono hadi msomaji adhani safu hizo zilikuwa jirani tangu mwanzo.

Hata hivyo, usiridhike upesi. Tazama mikanda (alama za protini ndani ya safu) ya aktini, protini ya kawaida ya seli, inayothibitisha kwamba kila safu ilitiwa kiasi sawa cha protini: nayo lazima iwe imekatwa palepale, kwa sababu aktini isiyokatwa iliyowekwa chini ya safu zilizounganishwa huenda imetoka katika jaribio jingine kabisa. Kuongeza mwangaza kunaruhusiwa iwapo picha nzima imeongezewa kwa kiwango kimoja, pasipo kufuta mkanda hafifu.

Hofu ya mwenzako ina historia. Mwaka 2016 mtaalamu wa mikrobiolojia Elisabeth Bik na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 20,621 za sayansi ya tiba na baiolojia, wakakuta takriban asilimia 3.8 zina picha zenye kasoro, hasa zilizorudiwa isivyostahili.

Katika makala yako, anza na viambatisho, kwani majarida mengi sasa hudai picha asilia. Ukizikosa, mwandikie kwa adabu mwandishi mhusika, umwombe picha nzima isiyokatwa, yenye alama za uzito wa protini pembeni.