Jibu: Kwa nini michoro ya Mfalme Arthur pale Oxford ilififia mapema?

Ndugu, umeuliza kama ni umri tu uliofifisha michoro ya Oxford Union, jengo la chama cha midahalo cha wanafunzi wa Oxford, Uingereza, inayoonyesha hadithi za Mfalme Arthur. Hapana, ubovu ulianzia ukutani. Mchoraji Rossetti alipowaita wasanii vijana Morris, Burne-Jones na wenzao waichore mwaka 1857, jengo lilikuwa jipya na udongo wa kujengea matofali haujakauka. Hawakupiga plasta. Tofali lilipakwa chokaa nyembamba tu, kisha wakachora juu yake kwa rangi ya maji yenye gundi.

Kosa ni hilo hasa. Fresko ya kweli huchorwa plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka hunasa rangi ndani yake. Rangi ya gundi hukaa juu juu, kwa hiyo unyevu ukitoka kwenye tofali huisukuma, nayo hubanduka vipande vipande. Ongeza vumbi linalokaa kwenye kila mgongo wa tofali, na moshi wa taa za gesi. Baada ya miaka michache tu ilikuwa imeharibika vibaya, na inauma, maana rangi zake mwanzoni zilikuwa kali ajabu.

Ukifika, usiende jua likiwaka. Kila mchoro umetobolewa na madirisha mawili ya duara, na mwanga wake hukupofusha. Nenda jioni, taa zikiwa zimewashwa. Anza na wa Morris, wa wivu wa Palomydes kwa Tristram na Iseult (Palomydes na Tristram ni mashujaa wa hadithi hizo, wote wawili wakimpenda Iseult): tafuta alizeti zilizojaa mbele, kubwa kiasi cha kuwameza watu wenyewe.