Unajifunza Gambyong? Anza na viungo

Wiki yangu ya kwanza ya kujifunza Gambyong, ngoma ya Kijava, kule Surakarta, Indonesia, nilikwenda darasani na daftari. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa mpangilio: mkono huu, mguu ule, geuka. Gongo, ile sahani kubwa ya chuma inayogongwa, likalia. Mimi nilishaurusha sampur, ule mtandio wa mchezaji, zamani. Wenzangu wote ndiyo kwanza wanaurusha. Mwalimu hakunigombeza. Alilichukua daftari akaliweka juu ya kabati.

Nilikosea kuhesabu. Kwenye ngoma nilizokulia, pigo la kwanza ndilo lenye nguvu. Kwenye gamelan, muziki wa Kijava tunaouchezea, uzito uko mwishoni, kwenye pigo la nane: mwendo unasafiri taratibu hadi unatua pamoja na gongo. Ukianza kwa pupa unafika mapema, kisha unabaki umesimama kama mgeni aliyewahi harusini.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni namna ngoma yenyewe ilivyoshonwa. Gambyong ni vipande, vinaitwa sekaran, kila kimoja na mwendo wake unaojirudia. Kati ya kipande na kipande kuna kiungo kifupi, singgetan, na mpiga kendhang, ile ngoma inayopigwa kwa mikono, ndiye anayekiita: mapigo yakibadilika, ujue mnahama. Asili yake ni wachezaji wa mitaani waliokuwa wakijibizana na kendhang papo kwa papo. Hata Gambyong Pareanom, iliyopangwa katika kasri la Mangkunegaran mwaka 1950, bado imejengwa hivyo hivyo. Mtunzi anachagua vipande vipi, vifuatane vipi.

Kwa hiyo usikariri kuanzia mwanzo hadi mwisho kama nilivyofanya mimi. Jifunze viungo kwanza. Ukipotea katikati ya kipande, tulia, punguza mikono, sikiliza kendhang; kiungo kitakuja kukuchukua. Mimi kimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Halafu magoti. Mchezaji hukaa mendhak, magoti yamekunjwa na kuelekea nje, karibu muda wote. Nilikuwa napika wali nikiwa hivyo, majirani wakicheka. Na usifanye mazoezi na suruali. Jarik, ile batiki wanayojifunga, inabana mapaja. Ndiyo maana hatua ni fupi na makeke yote yamehamia viganjani na shingoni. Kama huna, kanga inatosha. Ikaze mpaka ushindwe kuruka mtaro.