Maswali ya wasomaji: Tairi za Hayabusa zimeisha, nifunge zipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina pikipiki ya Suzuki Hayabusa ya 2008, mjini naizungusha kidogo tu ila kikubwa ni safari ya Iringa kila mwezi, mara nyingi mama watoto yuko nyuma na mabegi mawili. Tairi ya nyuma imeisha katikati imekuwa bapa kama meza, pembeni bado nzima kabisa, na tangu niifunge nimetembea kilomita elfu 6 tu. Ya mbele bado ina meno mengi, ubavuni imeandikwa 1114. Fundi wangu anasema nifunge pana zaidi nyuma, 200/50, eti itakamata lami vizuri. Jamaa mwingine ana Pirelli Supercorsa za mtumba kutoka Dubai, laini balaa, meno yamebaki zaidi ya nusu na bei haifiki nusu ya mpya. Nichukue zipi? Na ya mbele niiache? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, naanza na ile uliyodhani haina shida, ya mbele. Hiyo 1114 ni tarehe ya kutengenezwa, wiki ya 11 ya mwaka 2014, yaani huo mpira umeshapita miaka 10, na Michelin kwa mfano wanasema tairi ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka na ikifika 10 itolewe hata kama kwa macho bado mpya. Meno hayakuambii kitu hapo. Mpira unakauka, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na ya mbele ndo inayobeba breki karibu zote ukikamata ghafla. Itoe. Tena nakuomba usiende nayo Iringa hata safari moja ya mwisho, umempakia mtu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenikuta. Kuna kipindi nilinunua tairi dukani, mpya kabisa, na vile vinyuzi vya mpira bado vimechomoza, nikalipa nikafunga bila kusoma ubavuni. Mvua ya masika ikanikuta Kibaha, nakanyaga rangi ya zebra naongeza mafuta kidogo tu nyuma ikaondoka, nikasimamisha pikipiki kwa mguu na kwa bahati, kulikuwa na lori ubavuni kwangu. Kufika nyumbani nasoma, ina miaka 7! Ilikuwa imekaa stoo miaka yote inapikwa na joto la Dar. Tangu siku hiyo kabla sijauliza bei nasoma zile namba nne, na muuzaji akikunja uso kwamba namchunguza sana naondoka.

Sasa hizo Supercorsa. Ni tairi nzuri sana, Pirelli ndo waliokabidhiwa kuvalisha pikipiki zote za mashindano ya World Superbike kuanzia 2004 na Supercorsa zimetoka ukoo huohuo. Tatizo ni kazi yake. Mpira ule unataka joto jingi ndo ushike, mifereji yake michache kwa hiyo maji hayana pa kutokea, na kwenye barabara iliyonyooka katikati italiwa haraka kuliko hata hiyo unayoitoa. Fikiria asubuhi umelala Mikumi, mvua imenyesha usiku kucha, unaanza kupanda Kitonga na malori mbele yako yanadondosha dizeli kwenye kona, tairi imepozwa na maji, mke yuko nyuma. Hapana. Alafu ni mtumba, hujui imepelekwa uwanja wa mashindano mara ngapi, maana kila inapochemka na kupoa mpira unapoteza ulaini wake, meno yanabaki ila kushika kumeondoka, na kama nyuzi za ndani zilishawahi kupigwa na shimo huwezi kuziona kwa nje. Kwa pikipiki ya spidi hii tairi ya mtumba sikushauri hata ukipewa bure.

Fundi wako naye anakutakia mema ila kwenye 200 amekosea. Rimu ya nyuma ya Hayabusa ni inchi 6 na Suzuki waliipangia 190/50, 190 ni upana kwa milimita na 50 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu una urefu wa milimita 95, ukiweka 200/50 unakuwa 100, nyuma inapanda, tairi inakuwa nzito, kuilaza kwenye kona unasukuma usukani kwa nguvu zaidi na pembeni inasogelea cheni. Kushika lami kunatokana zaidi na aina ya mpira, umbo na upepo, huo upana unanogesha picha tu. Wapo wanaofunga 190/55 ili pikipiki iingie kona kwa haraka na inaingia kweli, ila wewe kwa mizigo na mwendo wako baki na saizi ya kiwandani, 120/70 ZR17 mbele na 190/50 ZR17 nyuma.

Na hapo ndo tunafika kwenye jibu lako lenyewe. Angalia safari yako: Dar hadi Chalinze imenyooka, Chalinze hadi Morogoro imenyooka, Mikumi ndani ya hifadhi unatembea taratibu imenyooka, kona za maana ni Kitonga tu. Ndo maana tairi imeliwa katikati na pembeni haijaguswa! Unachohitaji ni tairi za safari ndefu zenye mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, Michelin walileta ufundi huo kwenye Pilot Road 2 mwaka 2007 na leo karibu kila kampuni kubwa inao. Zinazostahili hela yako ni Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Metzeler Roadtec 01, Bridgestone T32 na Dunlop RoadSmart. Mimi ningeanza na Road 6 kwa ajili ya mvua, lakini kusema ukweli kati ya hizo yoyote yenye tarehe ya karibuni inaishinda nzuri zaidi iliyozeeka stoo, kwa hiyo kama duka lina T32 ya mwaka huu na Road 6 ya miaka minne iliyopita chukua T32. Ukitunza, kilomita elfu 10 nyuma unafika.

Nunua mbili kwa pamoja, modeli moja. Najua hela inauma ila mbele na nyuma zinachorwa zifanye kazi pamoja na yako ya mbele tumeshaiondoa.

Dukani usisome jina tu, soma na namba za mwisho za saizi. Mbele itafute 58W na nyuma 73W. 58 maana yake tairi inabeba kilo 236 na 73 ni kilo 365, sasa piga hesabu, pikipiki peke yake inakaribia kilo 260, muweke wewe, mama watoto na mabegi, utaona kwanini sitaki ukubali namba ndogo zaidi ya nyuma eti saizi ni ileile. W ikiwa ndani ya mabano inamaanisha spidi zaidi ya kilomita 270 kwa saa, huendi huko na nakuomba usiende, lakini tairi yenye daraja hilo imejengwa kuvumilia joto na joto ndo adui wetu barabara hii.

Upepo ni PSI 42 mbele na 42 nyuma, ukipima asubuhi tairi ikiwa imepoa. Mafundi pancha wengi wanajaza 30 au 32 kama gari dogo na hapo tairi inachemka, inaliwa vibaya na usukani unakuwa mzito, nunua geji yako uiweke chini ya siti. Wakati wa kufunga simama hapohapo uone mshale wa ubavuni unaelekea tairi inakozungukia, waweke valvu mpya na wafanye balansi. Kilomita 150 za kwanza nenda kwa upole, tairi mpya inateleza mpaka ngozi ya juu ikwaruzike.

SWALI: Nina Honda Gold Wing 1800, nimeona watu Marekani wanafunga tairi ya gari nyuma, wanasema inadumu mara mbili. Vipi nikijaribu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Usijaribu, tafadhali. Ni kweli wapo na ni kweli inadumu, lakini tairi ya gari ni bapa, na pikipiki inakata kona kwa kulala, kwa hiyo ukilala unapanda kwenye ncha ya tairi badala ya kulalia duara lake. Kubwa zaidi ni rimu. Ukingo wa rimu ya pikipiki haukuchongwa sawa na wa gari hata kama zote zimeandikwa inchi 16, ndo maana tairi za pikipiki kubwa zinaandikwa M/C ubavuni, ili mtu asizichanganye. Ukingo usipokaa sawasawa upepo unaweza kutoka wote ukiwa mwendoni. Kama yako ni ya 2017 kurudi nyuma inataka 180/60 R16, kama ni ya 2018 kuja juu inataka 200/55 R16, zipo, agiza.

SWALI: Tairi ya nyuma haina tyubu, imechomwa msumari, fundi anataka kuweka tyubu ndani. Sawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, tyubu ndani ya tairi hiyo inasuguana na inaongeza joto. Kama tundu liko katikati penye meno na ni dogo kama la msumari, tairi ivuliwe ikaguliwe ndani kisha izibwe kwa kiraka chenye mkia kinachotokea ndani kwenda nje. Ule uzi wa gundi wanaochomeka kwa nje ni wa kukufikisha kwa fundi tu, usizidi spidi 80. Likiwa ubavuni au karibu na ubavu tairi hiyo haizibiki, nunua nyingine.