Wanajimnastiki wa 1922 hadi 1938: soma ratiba kabla ya kuhesabu medali

Ukianza kuandika kuhusu mabingwa wa jimnastiki wa Ulaya wa kati ya vita viwili vya dunia, idadi ya medali iache kwanza. Tafuta ratiba ya shindano lenyewe: vifaa vilikuwa vingapi, kila kifaa mazoezi mangapi, waamuzi wangapi. Asiyefanya hivyo hujikuta analinganisha kibaba na pishi.

Chukua alama za mabingwa wa jumla wa Olimpiki, yaani washindi wa mazoezi yote kwa pamoja. Leon Štukelj, Mslovenia, Paris 1924: 110.340. Georges Miez wa Uswisi, Amsterdam 1928: 247.500. Romeo Neri wa Italia, Los Angeles 1932: 140.625. Alfred Schwarzmann wa Ujerumani, Berlin 1936: 113.100. Mgeni akiziona anadhani Miez aliwazidi wenzake maradufu. Kilichobadilika ni kipimo tu.

Hesabu ya Amsterdam ukiielewa, nyingine hazitakusumbua. Kwenye pete za kuning'inia, Štukelj alipata dhahabu kwa alama 57.75. Jedwali jingine litakuambia 19.25. Yote mawili ni sahihi: gawanya 57.75 kwa 3, upate 19.25. Ya kwanza ni jumla ya alama za waamuzi watatu, ya pili ni wastani wao. Na 19.25 yenyewe ni kati ya 20, kwa kuwa palikuwa na zoezi la lazima na la hiari, 10 kwa 10. Kuruka farasi (kifaa, si mnyama) ndiko kulikohesabiwa kwa 10 peke yake, ndiyo maana Eugen Mack alishinda kwa 28.75, yaani 9.58. Kwa hiyo vifaa vinne vya 20 na kimoja cha 10 ni 90. Mara 3 ni 270. Miez alipata 247.500 kati ya hizo. Kosa la kawaida ni kuchanganya jumla na wastani katika safu moja; bingwa wa kuruka akaonekana dhaifu kuliko mtu wa tano kwenye pete.

Desimali usizikate. Paris, Štukelj alimpita Robert Pražák wa Chekoslovakia kwa 0.017 tu: 110.340 dhidi ya 110.323. Ukizipunguza ziwe tarakimu moja baada ya nukta, wote wawili ni 110.3, na umeshawafanya wafungane.

Vifaa navyo havikuwa vilevile. Paris walipanda kamba kwa mikono, na Bedřich Šupčík alishinda kwa sekunde 7.2. Mazoezi ya sakafuni hayakuwa na medali yake hadi 1932, alipoichukua István Pelle wa Hungaria. Basi usiandike kwamba Štukelj "hakung'ara sakafuni" mwaka 1924. Hapakuwa na medali ya kung'aria.

Uliza pia nani hakuwepo. Los Angeles, Neri alimwacha Pelle kwa alama 5.700, pengo kubwa sana kwa mchezo huu. Neri alikuwa hodari kweli, lakini ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi na safari ilikuwa ya kuvuka bahari. Uswisi, mabingwa wa timu wa 1928, hawakupeleka timu, na Štukelj hakwenda. Miez alikuwepo, akaondoka na medali ya fedha ya sakafuni. Bila maelezo hayo, ushindi wa Neri unasomeka vibaya.

Mashindano ya dunia yanataka uangalifu zaidi. Ya zamani, yanayohesabiwa tangu 1903, yalichanganya jimnastiki na riadha, kwa hiyo bingwa wa jumla wa Ljubljana 1922 hakupimwa kwa vifaa peke yake. Luxembourg 1930 utakutana na Josip Primožič wa Yugoslavia akiwa bingwa wa jumla, na mwenzake wa timu moja, Anton Malej, akifa kutokana na kuanguka kwenye pete. Usiyatenge mambo hayo mawili. Ni shindano moja.

Majina: andika Štukelj, lakini unapotafuta jaribu pia Stukelj, maana majedwali mengi yameangusha alama iliyo juu ya herufi S. Nchi iandike kama ilivyoitwa mwaka husika. Štukelj alizaliwa Novo Mesto 1898 chini ya Austria-Hungaria. 1924 na 1928 alishindania Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia. Fedha ya pete ya Berlin ni ya Yugoslavia. Alifariki 1999 akiwa raia wa Slovenia, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 101. Na Sokol, jina utakalolikuta kwenye rekodi, si timu; ni harakati ya vyama vya mazoezi iliyoanzia Praha 1862, ndiyo maana utaiona kwa Wacheki na Waslovenia vilevile.

Neno "sarakasi" liwekee wanamaonyesho. Hawa walipimwa na waamuzi. Andika jimnastiki, na vifaa viwe pete, upau wa juu, mapau sambamba na farasi wa vishikio.

Mwisho, usifunge wasifu wa mtu mwaka 1939. Heikki Savolainen wa Finland alipata shaba ya farasi wa vishikio mwaka 1928. Mwaka 1952, Helsinki, akiwa na miaka 44, alisoma kiapo cha wanamichezo kisha akachukua shaba ya timu. Schwarzmann naye alikuwepo: fedha ya upau wa juu, miaka 16 baada ya Berlin.