Bei ya haki unapokuwa mgeni mwenye uwezo

Ukisafiri kwenda nchi ambako watu wengi wanaishi kwa kipato kidogo, kila mtu atakuonya: patana bei, usije ukapigwa. Sawa, kupatana ni sehemu ya biashara, na muuzaji mwenyewe huwa amejiandaa. Ila kumbuka kwamba nguvu hamlingani, na si kwa sababu ya hela tu. Wewe unaweza kuondoka, ukanunua kesho au usinunue kabisa. Yeye hawezi.

Niliwahi kumtazama msafiri akimbana mama mmoja muuza vikapu jioni, wenzake wakiwa wameshafunga. Mama alishusha bei, akashusha tena, macho yakiwa kwenye gari la mwisho linalojaza abiria. Alipokubali, ile haikuwa tena bei ya kikapu. Ilikuwa nauli ya kumfikisha nyumbani. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Mimi kabla ya kununua humuuliza mtu asiyeuza chochote, labda abiria mwenzangu, yeye hulipa kiasi gani. Nikiijua bei ya wenyeji, naongeza kidogo na sibishani tena. Lakini simwagi hela. Wageni wakizoea kulipa maradufu, dereva huanza kumkwepa mwenyeji na mwenye nyumba humtoa mpangaji.

Kazi ya nguvu ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Elewaneni kabla mzigo haujainuliwa: ni kwa kila mtu au kwa kundi, kwenda tu au na kurudi? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Na ukikuta safari ya mlimani inauzwa rahisi mno, uliza wapagazi wanalipwa nini. Kilimanjaro, mpagazi haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Muulize wakala kama mizigo hupimwa kweli, na bakshishi inamfikiaje kila mmoja.

Viingilio ni suala jingine. Kwenye mahekalu ya kale ya Angkor, Kambodia, mgeni hulipa dola 37 kwa siku na raia huingia bure. Wengine huita ubaguzi. Mimi naona ni haki kabisa: ni urithi wa mababu zao, na wengi wao wasingekimudu kiingilio hicho.

Tembea na noti ndogondogo. Ukitoa noti kubwa kwa mtu asiye na chenji, unamlazimisha aache biashara yake akazunguke kuitafuta, au akuuzie kwa hasara.