Mwanangu, chukua ile inayofunguka

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Huku sote wazima, na bibi yako kikohozi kimemwachia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa na mama yako. Unasema masomo ya kuandika programu yameshaanza hapo chuoni Kijitonyama, chumba cha kompyuta kinajaa kabla hujafika, na mkononi una laki sita. Kariakoo umeonyeshwa laptop mbili: mpya ya kwenye boksi, prosesa (ubongo wa mashine) Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, laki sita na nusu, na ThinkPad T480 iliyokwisha tumika, prosesa Core i5, RAM GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili) GB 256, laki saba na nusu. Tena rafiki yako anakuvutia kwenye i7 ya bei hiyohiyo.

Chukua T480. Najua ile mpya inang'aa, na ukiiweka mezani hakuna atakayekuuliza imetoka kwa nani. Lakini nimekaa kwenye benchi la ufundi wa kompyuta tangu mji huu ukiendeshwa na majenereta ya dizeli, na mashine zinazoniumiza moyo ni hizo hizo mpya za bei ya chini. Mwalimu mmoja wa Mwandiga aliniletea moja, haijamaliza mwaka. Hifadhi yake GB 64, Windows na masasisho yake vimeijaza mpaka haipokei kitu kingine. Nikafungua skrubu nikitegemea kumwekea SSD kubwa. Hifadhi imechomelewa kwenye bodi. RAM nayo imechomelewa. Hakuna hata tundu moja tupu. Nikazirudisha skrubu zote na sikumtoza kitu, maana sikuwa na la kumfanyia. Alikuwa amejinyima miezi mingi kuinunua.

T480 ilitoka mwaka 2018, ikatengenezwa kwa ajili ya maofisi, kwa hiyo waliijenga wakijua kuna fundi atakayeifungua. Mfuniko wa chini unatoka, RAM ina nafasi mbili, SSD inabadilishwa, kibodi inabadilishwa. Betri zake ni mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa kwa nje bila kuzima mashine, kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Mwaka huu RAM GB 8 itakutosha kwa lugha za C, Python na Java. Mtakapofika kutengeneza programu za simu, Android Studio yenyewe inataka GB 8 kwa uchache, na ukitaka kuwasha simu ya kuigiza ndani yake utahitaji 16. Kwenye ile mpya safari ingekuwa imeishia hapo.

Kuhusu i7 ya rafiki yako, muulize namba nzima. Umenitumia picha ya stika, nami nimeikuza nikaisoma: i7-4600U. Ile 4 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Prosesa hiyo ina viini viwili tu, wakati i5-8250U ya kizazi cha nane, inayokuja kwenye T480, ina viini vinne. Halafu Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wanapiga kelele "i7, i7" kwa sababu wanajua mnunuzi haendi mbele ya hapo. Hata kwenye T480 usiamini jina la mgongoni. Ingia kwenye mipangilio usome namba mwenyewe.

Wenzako wanaosema bila kadi ya michezo, ile ya kuchakata picha nzito, huwezi kusoma kompyuta, usibishane nao. Mkifika kufundisha mashine kutambua picha, kuna Google Colab. Unaifungua kwenye kivinjari na kazi nzito inafanyika kwenye kompyuta zao, bure kwa kiasi cha mwanafunzi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapolizwa. Usiende saa ya kufunga duka. Nenda asubuhi pamoja na mjomba wako, na mwambie muuzaji tangu mwanzo kwamba utakaa na mashine saa nzima kabla ya kutoa hela. Akikataa, ondokeni.

Kwanza izime, iwashe tena ukibonyeza F1. Ukurasa wa mipangilio ya ndani ukifunguka bila kuomba nywila, endelea. Ukiomba nywila, iache, hata akishusha bei. Kwenye ThinkPad nywila ile imehifadhiwa kwenye chipu ya bodi na haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo kama kwenye kompyuta za mezani. Huwa ni mashine ya ofisi ambayo haikuachiwa vizuri, au imetoka mahali usipopajua.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ripoti. Soma namba mbili kwa kila betri: uwezo iliyoundwa nao na uwezo iliyobaki nao. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, mwambie apunguze bei au abadilishe ile ya nje. Chaji ijaribu kwenye matundu yote mawili ya USB-C, usiridhike na moja. Andika kila herufi, na uandike "ng'ombe" ili ujue kama kitufe cha ritifaa kinafanya kazi. Kioo kijaze rangi nyeupe utazame madoa. Bawaba zifungue na kuzifunga polepole, zisilie. Video iache icheze dakika ishirini huku kiganja chako kiko chini ya mashine.

Halafu fungua Task Manager ya Windows, upande wa memori, yaani RAM. Nataka uone nafasi iliyotumika ni moja kati ya mbili. Hilo ni muhimu kwangu, utaona sababu.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe namba ya mashine na siku za dhamana. Maneno ya mdomo yasikutoshe.

Hela: bumu lako usiliguse, hilo ni la kula. Laki moja na nusu inayopungua anaitoa mama yako. Wiki hii kuna mbalamwezi na wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Giza likirudi, mwalo wa Kibirizi utachangamka, naye ana mzigo wa kuuza. Mwombe muuzaji akuwekee siku kumi. Ikiuzwa usihuzunike, kuna Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5 za mwaka huohuo, nazo RAM yake inabadilishwa.

Upande wangu, nina kipande cha RAM DDR4 cha GB 8, nimekitoa kwenye mashine iliyokufa bodi na nimekijaribu usiku kucha. Nimekifunga kwenye karatasi ya bati, nitakituma kwa basi pamoja na dagaa na chupa ya mawese. Kikifika usikipachike peke yako. Betri ya ndani lazima izimwe kwanza kwenye ule ukurasa wa F1. Nipigie jioni nikishafunga duka, weka simu isimame juu ya meza, na uwe na bisibisi ndogo ya nyota.

Baba yako